Pindo la Ziwa

Daktari Bwire hakuanza na maneno.
Aligeuza karatasi ya maabara upande mweupe,
akachora duara moja, jeusi, lililofunga vizuri.
"Hili," akasema, "lilikuwa la dada yako Kwandu."

Nikamkumbuka Kwandu mwaka juzi, Mabatini,
akiuchukua mkono wangu na kuuweka kifuani pake.
Kitu kigumu kama kokwa la zambarau,
kikicheza chini ya kidole, chenye mwanzo na mwisho,
kama jiwe lililokaa peke yake kilimani,
unalizunguka mpaka unarudi ulipoanzia.
Walimkata kidogo. Akapigwa mionzi wiki tano.
Ziwa lake lipo. Kovu fupi, kama mdomo wa mfuko.

Basi nami nilipanda Bugando asubuhi ile
nikiijua bei: kovu moja, wiki tano, yamekwisha.
Nilimwachia Sumbuka sare thelathini za shule
na chaki mpya. Nikamwambia, Jumatatu nimerudi.

Daktari akachora tena, na safari hii si duara.
Nukta hapa. Nukta kule, karibu na kwapa.
Katikati yake mstari mwembamba,
seli moja nyuma ya mwenzake, zinapita
kama wageni wasiotaka kuamsha nyumba.
"Lako halikujenga jiwe," akasema. "Lilitembea.
Ndiyo maana kidole chako hakikuliona."

Chini ya dirisha lilikuwepo lile ziwa jingine,
pana, la kijani, magugu yameziba mwalo.
Nimeyaona tangu nikiwa na meno ya utoto:
watu wanavuta fungu moja, wanashangilia,
na chini ya maji kikonyo kimeshafika kwa jirani.

"Huwezi kukata hapa," nikamwonyesha, "na hapa, na hapo,
halafu ukaunganisha?"
Hakunijibu upesi. Nilimpenda kwa hilo.

Mimi ni fundi cherehani, miaka kumi na tisa.
Doa moja la mafuta najua kulitoa:
nakata kulizunguka, naacha kidole cha kitambaa safi,
naweka kiraka, hata mwenye gauni halioni.
Lakini kuvu likishapita ndani ya nyuzi
kitambaa kinakudanganya kwa rangi yake.
Nilimwekea Mama Nyamato kiraka cha namna hiyo
kwa sababu alilia, kwa sababu lilikuwa gauni la mamaye.
Lilichanika pembeni ya mshono wangu
mlangoni mwa kanisa, watu wote wakitazama.

"Si ukubwa," daktari akasema mwishowe.
"Lako kwa kipimo ni dogo kuliko la Kwandu.
Ni mwendo wake. Nikikata vipande, sitajua nimeacha nini.
Na kukatwa lote si hukumu, wala si kwamba wewe
uko karibu na kaburi kuliko yeye."

Nilitaka kumchukia. Nikaomba siku mbili.
Usiku nilijipima mbele ya kioo kwa futi yangu ya kazini,
kulia, kushoto, nikaandika namba ukutani,
sijui kwa nini. Bado zipo.

Alhamisi alinichora kwa wino wa bluu.
Mkono wake haukutetemeka, mstari ulikwenda sawa,
nikamheshimu kama fundi anavyomheshimu fundi.
"Pima pindo," nikamwambia. "Usiniachie uzi."

Majibu yalichukua wiki mbili na siku tatu:
pindo safi, pande zote.

Kwandu alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa.
Hakujua macho ayaweke wapi,
yeye aliyebaki na lake. Akaanza kuomba radhi.
Nikamwambia, mimina uji, unapoa.

Sare zilikuwa zimekwisha, ishirini na tisa nzuri.
Ya thelathini, Sumbuka alikuwa ameikosea bega.
Nikakaa dirishani nikaifumua, mshono kwa mshono,
kwa mkono wa kulia tu,
wa kushoto ulikuwa bado haujakubali kuinuka.